Viatu vyangu vipya navipaka tope

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma safu hii miaka mingi na sikudhani nami nitaandika, tena kwa jambo ambalo mume wangu analiita la kitoto. Nina miaka 47. Jambo lenyewe ni mbio. Si mbio za maisha, ni hizi hizi za miguu.

Miaka miwili iliyopita mama yangu alifariki. Nilimuuguza miezi kumi na mmoja, na alipoondoka nikabaki nimekaa tu, kama mtu aliyeshushwa kwenye basi mahali asipopajua. Rafiki yangu, nimwite Rehema ingawa si jina lake, ndiye aliyeniinua. Alikuja alfajiri moja akagonga dirisha la chumbani, akasema, "Vaa chochote, tunatembea mpaka kwenye ule mti, tunarudi." Kesho yake akaja tena. Wiki ya tatu akaniambia tukimbie dakika moja, tutembee mbili. Nilidhani nitakata roho. Yeye alikuwa na miaka mitatu ya mbio, na kila nikisimama kushika kiuno alikuwa anarukaruka pale pale, miguu haitulii, akinisubiri. Hata siku moja hakuniambia nifanye haraka.

Viatu vya kwanza alinipa yeye, vyake vya zamani. Yeye anavaa 39, mimi 40. Sikusema. Nikavivaa hivyo hivyo mwaka na nusu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ukawa mweusi, halafu siku moja nikaukuta umebaki ndani ya soksi. Nao sikusema. Ningeanzaje kumwambia mtu aliyenifufua kwamba viatu vyake vinanibana?

Sasa shida, Shangazi. Mwaka huu Rehema alisafiri wiki moja, nikatoka peke yangu. Ikawa mara ya kwanza nakimbia bila kusikiliza mtu mwingine anapumua vipi. Niliporudi nikatazama saa, kilomita 5 kwa dakika 29. Tukiwa wawili huwa tunakwenda dakika saba na nusu kwa kila kilomita, siku nzuri saba na robo. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka kama mwehu. Sijawahi kuwa hodari wa kitu chochote cha mwili tangu nizaliwe. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nashikishwa masweta wenzangu wakicheza.

Toka siku hiyo nina maisha mawili. Jumanne na Jumamosi nakimbia na Rehema. Jumatatu, Alhamisi na Jumapili natoka saa kumi na moja, kabla hajaamka mtu, nakimbia kwa nguvu zangu zote. Zamani nilikuwa nafanya kilomita 14 kwa wiki. Kwa wiki tano hizi nimefika 38. Kilomita 5 sasa nazimaliza kwa dakika 27 na nusu. Programu ya simu inayorekodi mbio nimeifunga asiione mtu.

Nimenunua na viatu. Muuzaji alinikanyagisha mguu uliolowa maji kwenye karatasi, akautazama ule unyayo kama daktari anavyotazama picha ya eksirei, akasema nina mguu bapa, lazima nivae kiatu chenye soli ngumu upande wa ndani. Nikakubali. Ni vyekundu. Ni vizuri, siwezi kukudanganya. Lakini kabla ya kuvivaa mbele ya Rehema nilizunguka nyuma ya nyumba nikavipaka tope kwa mikono yangu, nikazikwaruza soli kwenye zege, kisha nikamwambia nimerithi kwa mdogo wangu. Mtu mzima wa miaka 47.

Baada ya wiki tisa kuna nusu marathoni, kilomita 21 na ushee. Rehema ametuandikisha wote wawili bila kuniuliza, kwa furaha zake, namba zetu zinafuatana. Mwaka jana tulikimbia kilomita 10 pamoja, saa moja na dakika 14, tukavuka mstari tumeshikana mikono. Picha ile ameitundika sebuleni. Anasema safari hii pia tutavuka vile vile. Mimi nataka chini ya saa mbili. Nimeshapiga hesabu, ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Nimeandika kwenye kikaratasi nikakibandika ndani ya mlango wa kabati, nyuma ya nguo.

Kuna jingine. Wiki mbili hizi ugoko wa kushoto unaniuma, upande wa ndani, chini kidogo ya katikati. Mwanzo ulikuwa unauma nikianza, kisha unaachia. Sasa unauma mpaka mwisho. Jumamosi Rehema aliniona nachechemea, akaniuliza mguu una nini. Nikasema nimejigonga kwenye kitanda. Akanitazama, akasema, "Na wewe siku hizi hata huhemi," akacheka, tukaendelea. Nikimwambia ukweli wa mguu, itabidi nimwambie na ukweli wa zile siku tatu.

Nikimwacha nyuma nitakuwa nimemlipa ubaya kwa wema. Nikibaki naye nahisi, na ninaona haya kuandika, nahisi nimefungwa kamba mguuni. Mume wangu anasema, "Kimbia na shoga yako umalize, saa mbili za nini, kwani unakwenda Olimpiki?" Pengine kweli. Umri huu nafukuza dakika?

Mwenye viatu vyekundu

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa mama. Miaka miwili si mingi kwa mzazi uliyemuuguza mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka nilipofika kwenye tope, unisamehe. Ya pili sikucheka. Ya tatu nilishika kalamu nikapigia mstari kila mahali palipofichwa kitu. Viatu vinabana, hukusema. Ukucha umetoka, hukusema. Viatu vipya ni vya mdogo wako. Mguu umegongwa na kitanda. Unaniletea shida ya mwendo, kwamba wewe una kasi na mwenzako hana. Lakini hizo siri mbili za kwanza ni za wakati ule ambao wewe ndiye uliyekuwa unasubiriwa. Nakuachia hilo kwanza, nitalirudia.

Nianze na mguu, maana mazungumzo na Rehema yanaweza kungoja wiki, mfupa haungoji. Maumivu ya upande wa ndani wa ugoko ni ugonjwa wa kawaida sana kwa mtu aliyeongeza mbio ghafla, nawe umetoka kilomita 14 hadi 38 kwa wiki tano, na nyongeza yote hiyo ni ya kasi. Kinachonitia wasiwasi si kwamba unauma. Ni kwamba zamani ulikuwa unaachia ukishapata joto na sasa hauachii. Kaa chini, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa ule mfupa. Ukikuta pameenea kama urefu wa kiganja, aghlabu ni misuli na utando wa mfupa vimechokozwa, na kupunguza mbio wiki chache huleta nafuu. Ukikuta ni nukta moja tu, ukiibonyeza unashtuka, au pakauma usiku ukiwa umelala, au ukiruka kwa mguu mmoja unashindwa, basi usikimbie hata hatua moja, nenda kwa daktari. Huo unaweza kuwa ufa mwembamba wa uchovu ndani ya mfupa. Wiki za mwanzo mara nyingi eksirei ya kawaida haiuonyeshi, kwa hiyo daktari atategemea maelezo yako kuliko picha. Naye ukimwambia unakimbia mara mbili kwa wiki na rafiki, atakutibu mguu wa mtu mwingine.

Hata usipomwambia Rehema, mwambie daktari zile siku tatu.

Sasa swali la mume wako, ambalo naona limekuchoma kuliko ulivyoandika. Alikuwepo mzee mmoja, Ed Whitlock, mhandisi aliyezaliwa Uingereza akaishi Kanada. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni nzima, kilomita 42.195, kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, ana miaka 85, akaikimbia kwa saa 3, dakika 56 na sekunde 34. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, polepole, peke yake, mara nyingine saa tatu mfululizo. Na wala hakujifanya kwamba anayapenda. Alisema waziwazi kuwa mazoezi ni kazi ya kuchosha, raha yake ni matokeo na rekodi. Nakutajia huyu kwa sababu washauri tunapenda kuwaambia watu wa umri wako wakimbie kwa ajili ya afya na kutazama ndege. Kuna watu wanafurahi kwa kufukuza dakika. Kama wewe ni mmoja wao, hilo si la kitoto, wala halihitaji ruhusa ya Olimpiki.

Ila ninaitilia shaka hiyo saa mbili. Imetoka wapi? Hukuniandikia kwamba ulijaribu kilomita 15 ukaona mwili unaweza. Umeniandikia kikaratasi. Nadhani umeichukua kwa sababu ni namba nzima, na hapo hauko peke yako. Watafiti wanne walikusanya muda wa kumaliza marathoni karibu milioni 10, wakachapisha mwaka 2017, wakakuta watu wamejazana mlangoni mwa saa 3, saa 4, saa 5, wanaingia dakika moja kabla, na baada ya mlango ni wachache kwa ghafla. Mwili haujui saa mbili ni nini, akili ndiyo inayoipenda. Tena kuna kanuni ya mhandisi wa Marekani, Pete Riegel, ambayo wakimbiaji wanaitumia tangu miaka ya 1970 na 1980 kukisia muda wa umbali mrefu kutokana na mfupi. Msingi wake ni kwamba ukiongeza umbali mara mbili, muda hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 2.08 hivi, kwa ajili ya uchovu. Ukiingiza dakika zako 27 na nusu za kilomita 5, nusu marathoni inatoka saa 2 na dakika 6 au 7. Na hapo kanuni inamdhania mtu aliyefanya mazoezi ya umbali huo na miguu mizima. Sikwambii haiwezekani. Nasema tu kwamba ungeweza kukimbia mbio nzuri kuliko zote za maisha yako, kwa saa 2 na dakika 6, ukarudi nyumbani unalia kwa sababu ya kikaratasi cha kabatini. Na ungekuwa umelipa urafiki kwa ajili yake.

Jingine ninalotaka tulitazame ni hiyo kamba mguuni. Unaamini kwamba Jumanne na Jumamosi zinakupotezea muda, na zile siku tatu za kukata pumzi ndizo zinazokujenga. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, alipoangalia wanariadha wakubwa wa mbio ndefu, kuogelea, kupiga makasia, alikuta takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya polepole, mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza sentensi nzima bila kutafuta pumzi. Mwendo wako wa Rehema, kwa maneno mengine. Huenda pungufu kidogo ya unaokufaa, lakini si mbali. Wewe umegeuza hesabu, mazoezi matatu kati ya matano ni ya kufa na kupona. Sasa tazama kichekesho chake. Ugoko umeharibika siku za peke yako, na siku unazoziona za kifungo ndizo zilizokuwa zinakupumzisha. Pengine hata zile dakika 29 za siku ya kwanza, zilizokukalisha kwenye ngazi, zilijengwa na mwaka na zaidi wa kukimbia ukipiga soga.

Kuhusu viatu sitakaa sana. Ile karatasi ya unyayo ni utaratibu wa siku nyingi na unampa muuzaji heshima, lakini jeshi la Marekani liliwahi kuupima. Makuruta wa nchi kavu, anga na majini waligawanywa, wengine wakapewa viatu kulingana na umbo la unyayo, wengine wote wakapewa aina moja. Majeraha yalikuwa karibu sawa. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary alikwenda mbali zaidi mwaka 2015, akapendekeza kwamba mtu achague kiatu ambacho mguu wake unakiona cha raha, basi. Kwa hiyo nikuulize, hivyo vyekundu, ukiviondoa rangi, vina raha? Kidole gumba cha mkono kinaingia upana wake kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu? Kisigino hakipandi na kushuka ukitembea? Ulivijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba wa siku nzima, au asubuhi? Kama vina raha, achana na habari ya mguu bapa. Kama soli ngumu unaihisi inakusukuma, basi huenda nayo imechangia kwenye ugoko, ingawa mimi mshitakiwa wangu wa kwanza ni zile kilomita 24 za ghafla.

Sasa Rehema.

Nilikimbia na marehemu mume wangu miaka sita, mpaka goti langu liliponistaafisha. Alikuwa na kasi kuliko mimi na hakutaka kuniacha, kwa hiyo alikuwa anakimbia hatua mbili mbele, daima hatua mbili. Nikiongeza, anaongeza. Uso wake akikimbia siujui. Ninachojua ni visigino vyake, cha kushoto kilikuwa kinachakaa soli upande wa nje. Yeye alidhani hizo hatua mbili sizioni. Mimi nilidhani ananionea huruma. Tulikuja kulizungumza siku moja tu, tena kwa hasira, kwenye mvua, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heri. Baada ya hapo alianza kwenda peke yake Jumapili. Nilimkosa hizo Jumapili. Siku zilizobaki nilimpata mzima, bega kwa bega.

Kwa hiyo ninapokusoma ukisema Rehema hajui, najiuliza. Mtu aliyekimbia kando yako karibu miaka miwili anaijua pumzi yako kama anavyojua mlio wa mlango wake. "Siku hizi hata huhemi." Hayo si maneno ya mtu asiyeona. Huenda ni utani tu. Huenda ni mlango aliokufungulia akangoja uingie, nawe ukaleta habari za kitanda. Huenda pia anajua na anaogopa, na ndiyo maana ameandikisha namba zinazofuatana. Wewe ndiye unayeijua sauti aliyoitumia.

Na umenisimulia kana kwamba aliyekusubiri mwaka ule alikuwa anatoa sadaka unayodaiwa. Lakini hukuniambia kama umewahi kumuuliza. Yeye alikuwa na miaka mitatu ya mbio, akarudi kwenye dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea. Aliacha malengo gani? Au hakuwa na lolote, na wewe ndiye uliyemletea sababu ya kuamka? Jibu la hapo linabadilisha sana maana ya neno "kumwacha".

Nikiyatazama yaliyo mbele yako, mguu ukikuruhusu, naona njia kadhaa na hakuna iliyonyooka. Unaweza kukimbia hii naye kama alivyopanga, kisha ujitafutie nyingine yako peke yako. Ni njia ya upole. Hatari yake ni kwamba kufikia kilomita ya 15 utakuwa unahesabu, na mkono ulioshikwa na mtu anayehesabu hujulikana. Picha ya pili isije ikawa ya uongo ukutani kwake.

Unaweza kupendekeza muanze pamoja, halafu mahali mlipokubaliana uende. Inasikika vizuri mpaka upige hesabu, kwani kilomita 5 za kwanza kwa mwendo wenu zinakula dakika 9 za saa yako mbili, na hazirudi. Kwa hiyo ukichukua hiyo, kikaratasi kishuke mlangoni kabla, na ushuke nacho moyoni, usije ukamwona yeye ndiye aliyekichana.

Unaweza kumwambia yote, ukakimbia yako. Kwa mwendo wenu wa kawaida Rehema atamaliza kwenye saa 2 na dakika 38, kwa hiyo hata ukipata ulichotaka utakuwa na nusu saa na ushee ya kusimama pale mwisho, jasho limekauka, ukimtafuta kwenye umati. Nusu saa ile inaweza kuwa tamu, umshangilie kama alivyokushangilia. Inaweza pia kuwa ndefu sana ikiwa ameondoka kwenye mstari wa kuanzia na kinyongo. Na Jumamosi zenu zinaweza kupoa kwa muda. Sikufichi, zinaweza hata zisirudi kama zilivyokuwa.

Ipo na ya nne ambayo hukuitaja, kwamba mguu ukuamulie, daktari akukataze, nawe ukapumua kwa afueni kwa sababu huna tena haja ya kusema kitu. Ukijikuta unaiombea hiyo, niandikie tena, maana hapo tutakuwa na mazungumzo mengine.

Kama utaamua kuzungumza, na sijui kama utaamua, jambo moja nimeliona kwa wakimbiaji. Watu wawili wanaokimbia bega kwa bega hawatazamani usoni, kwa hiyo maneno mazito hutoka kirahisi kuliko mezani. Wewe kwa sasa unahitaji kutembea, si kukimbia, na kutembea ni hivyo hivyo. Mti ule wa siku ya kwanza bado upo? Pia si lazima uanzie kwenye saa mbili. Unaweza kuanzia mbali, kwenye ukucha. Nadhani atacheka kwanza, kisha ataumia kidogo kwamba ulibanwa mwaka na nusu na yeye yupo hapo hapo. Ukiyaweza hayo, mengine ni ya aina ile ile. Usipoyaweza, angalau utakuwa umejua kwamba kinachokuzuia hakikuanza na kasi.

Mume wako naye usimsahau. Kikaratasi kiko kwenye kabati la nani, la kwako peke yako?

Kuhusu hilo tope, likishakauka lipukute kwanza, kisha tumia mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Toa kamba na soli ya ndani uvioshe kando. Usivianike juani wala karibu na moto, gundi ya soli huachia. Vijaze karatasi kavu, viache kivulini mpaka kesho yake.

Shangazi